Mashine ya kuchomelea ya 380, nyumba ina umeme wa njia moja: fundi kaniambia nivute fezi ya pili kwa mpangaji

#1 Gereji ya Uani

Wakuu, salaam.

Nina gereji ndogo uani kwangu, Kibaha. Inaingia gari moja, benchi la mbao na makopo ya rangi, basi. Sifanyi biashara, ni mikono inawasha tu siku za Jumamosi. Sasa rafiki yangu kafunga karakana, kaniachia mashine ya kuchomelea, lile dubwana la koili lenye magurudumu ya chuma, kulisogeza lazima muwe wawili. Ubavuni limeandikwa 380V. Nyumba yangu ina umeme wa njia moja, 230. Kutoka kwenye mita hadi gereji ni kama mita 35.

Nikamwita fundi wa mtaani. Akazunguka nyumba, akachungulia mita, akarudi anacheka peke yake. Hapo uani nina vyumba viwili nimempangisha dada mmoja, ana LUKU yake (mita ya kulipia kabla), na kule nguzoni wamemfunga fezi, yaani waya wa moto, tofauti na yangu. Fundi kagusisha maltimita, ncha moja kwenye laini yangu, nyingine kwenye laini ya mpangaji: 398. Akaniambia, "Bosi, 380 yako hii hapa imelala tu, unataka kuwasumbua TANESCO ya nini?" Anataka elfu themanini pamoja na waya.

Roho inakataa, ila nashindwa kumbishia maana maltimita nimeiona kwa macho yangu. Wanaojua mje. Inafanyika au haifanyiki? Na kama haifanyiki nipeni sababu, msiishie kusema "ni hatari".

#2 Kijiti Kimenasa

Nimewahi siti ya mbele, mwenye karanga asogee. Mpangaji ameshaambiwa kwamba ni mbia kwenye gereji?

#3 Ampea Sitini

Maltimita haikudanganya. Fezi kwa nyutro (waya wa kurudishia umeme) 230, fezi kwa fezi ni 230 mara 1.73, inakuja 398. Huyo fundi hesabu anazijua, ndiyo maana ananitisha.

Chukulia siku mashine imezingua, unataka kuifungua. Unazima meni yako, swichi kuu. Umezima waya mmoja. Wa pili bado una moto, unatoka kwenye meni ya mpangaji, na meni yake iko ndani kwake, na yeye kaenda kazini kafunga mlango. Koili yote ina moto, na wewe kichwani unajua umezima. Au si wewe, ni fundi mwingine atakayekuja baada ya miaka mitatu, hana habari kabisa na ujanja wenu.

Halafu kama kwenye meni una kile kifaa cha kukata umeme ukivuja, cha miliampea 30, kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwa laini na unaorudi kwa nyutro. Wako utatoka na hautarudi, unarudia kwa jirani. Kitaruka hapo hapo. LUKU nyingi nazo zinafanya ulinganisho wa aina hiyo, kwa hiyo mbele ya mita wewe ni mwizi hata kama hujaiba kitu.

Muulize kama ana leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati. Angalia atakavyobadilisha mada.

#4 Mzee wa Nondo

Ampea Sitini unaongea vizuri lakini unaongea kama karatasi. Mimi nimekula moshi wa vijiti vya kuchomelea tangu Gerezani ya Dar, miaka ya tisini. Hicho kitu cha fezi mbili za nyumba mbili nimekiona kikifanya kazi miaka minne, na mwenye nacho alisomesha watoto. Simwambii kijana afanye, nasema tu msiseme haiwezekani.

Mtoa mada, kabla hujampa mtu elfu themanini fungua mfuniko wa nyuma. Mashine nyingi za koili zina misumari mitatu ya kufungia waya: 0, 220 na 380. Ukihamisha waya mmoja kutoka 380 kwenda 220 umemaliza, hiyo ni mashine ya nyumbani. Aliyeandika 380 ubavuni aliandika alivyoifunga yeye.

#5 Gereji ya Uani

Shukrani mzee wangu. Hilo la misumari fundi hakuligusia kabisa. Jumamosi nafungua.

#6 Bimkubwa wa Mageti

Nimecheka kwa uchungu, maana hiyo filamu nimeicheza mimi mwenyewe, hapa Morogoro.

Nilipoanza karakana ya mageti na grili nilifanya hivyo hivyo alivyoambiwa mtoa mada. Mita yangu na ya mpangaji wangu, mwalimu, mtu mpole. Tulikubaliana nitamrudishia unit alizotumia. Mashine ilichoma vizuri, sina la kuisema. Ugomvi ulikuja kwenye daftari. Yule mwalimu alikuwa anaandika LUKU yake kila jioni, kwa kalamu nyekundu, na tarehe. Siku tunazochoma kutwa, yeye zinaondoka unit nane mpaka tisa. Mimi mwenye mashine hazifiki mbili! Mashine moja, waya mmoja unatoka kwake, mmoja kwangu. Nilimlipa, nikamwomba radhi, lakini naona mpaka leo anaamini nilimchezea. Hapo ndipo nilipoenda kuomba umeme wa njia tatu, fezi zote.

Sasa wataalamu nielezeni, kwa nini yeye nane na mimi mbili?

#7 Mpangaji Mwema

Dada, jibu ni jepesi. Ulimwibia.

#8 Mzee wa Nondo

Mwalimu alikuwa na friji. Watu wanasahau friji.

#9 Bimkubwa wa Mageti

#8 hakuwa na friji mzee wangu, alikuwa na redio na pasi. Na pasi alikuwa anapiga Jumapili.

#10 Ampea Sitini

Nyutro ya mwalimu ilikuwa imelegea, au mita yake ni zile zinazohesabu kwa waya wenye umeme mkubwa zaidi kati ya laini na nyutro. Zimewekwa hivyo kuzuia wizi. Laini inasoma ampea 25, nyutro inasoma sifuri, yenyewe inachukua 25.

#11 Fizikia Kidogo

Ampea, hilo lingeelezea kama ya dada nayo ingehesabu sana, maana naye laini yake ilikuwa na ampea zile zile. Jaribuni hili.

Mashine ya koili ina umeme unaochelewa nyuma ya volti. Ukiifunga kati ya fezi mbili, kuchelewa huko hakugawanywi sawa. Kwenye fezi moja kunapungua nyuzi 30, kwenye nyingine kunaongezeka nyuzi 30. Tuseme mashine inachelewa nyuzi 50. Mita ya kwanza inaona 20, ya pili inaona 80. Mita inahesabu kwa kosaini: kosaini ya 20 ni 0.94, ya 80 ni 0.17. Ampea ni zile zile, lakini mmoja analipa zaidi ya mara tano ya mwenzake. Ikifika nyuzi 60, mmoja analipa yote na mwingine halipi hata senti.

Kwa hiyo mwalimu hakuibiwa na mtu. Aliwekwa kwenye fezi mbaya.

#12 Kijiti Kimenasa

Nyuzi 80! Mimi nilidhani ni uzi mmoja tu huu.

#13 Mpangaji Mwema

#11 nimekuelewa, kwamba aliibiwa kwa kosaini.

#14 Jua Kali Thika

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya ni 240 na 415, lakini ujinga ni uleule, nimeona mtu Kamukunji amevuta laini kwa kinyozi wa jirani. Kinyozi akinyoa, fundi anachoma.

Fizikia yako ni tamu lakini sijashawishika. Huyo mwalimu aliandika siku za kuchoma tu ama siku zote? Kama siku ambazo mashine imelala pia alikuwa anapoteza stima, basi kuna kitu kingine, waya inavuja mahali.

Mimi ningeuza hilo dubwana kwa wa vyuma chakavu ninunue inveta, ile mashine ndogo ya kuchomelea ya kielektroniki. Inabebwa kwa bega kama mkoba wa shule.

#15 Bimkubwa wa Mageti

#14 ukweli ni kwamba siku zingine nazo alikuwa anapoteza moja, mbili. Sikutaka kulisema maana linaniharibia kesi.

#16 Mzee wa Nondo

Friji.

#17 Mbeba Boksi

Nipo Minnesota, nasoma huku theluji inadondoka dirishani. Nimewahi kufanya hii kitu kwenye gereji yangu, ila kihalali, ngoja niwaambie ilivyo huku.

Nyumba za huku soketi za kawaida ni volti 120. Watu wanadhani Marekani yote ni 120. Sivyo, transfoma ya mtaani inaleta 240 nyumbani, ila imekatwa katikati, pale katikati ndipo nyutro. Kila upande kwa nyutro ni 120, pande mbili pamoja 240. Jiko, mashine ya kukaushia nguo, mashine kubwa ya kuchomelea, vyote vinachukua pande mbili. Gereji nyingi zimewekewa soketi za 120 tu, ampea 15 au 20, ukichomeka mashine ya maana breka inaruka. Kwa hiyo unavuta laini mpya: breka ya njia mbili ya ampea 50, waya wawili wa moto pamoja na wa ethi, unaishia kwenye soketi inayoitwa NEMA 6-50. Haina nyutro kabisa. Nilichukua kibali cha mji, mkaguzi akaja, akanikuta nimelegeza skrubu moja ya ethi, akanirudisha.

Kwa hiyo huyo fundi wa Kibaha kaleta mtindo wa Kimarekani. Tofauti ni kwamba huku pande zote mbili zinatoka kwenye mita moja, na vishikio vya ile breka vimeunganishwa, ukizima kimoja cha pili nacho kinashuka.

#18 Gereji ya Uani

Hapo nimeelewa kuliko kote. Lakini mbona kwao 120 na 120 inakuwa 240, na kwetu 230 na 230 inakuwa 398, sio 460?

#19 Fizikia Kidogo

Pande zao mbili zinavutana kinyume kabisa, moja ikipanda nyingine inashuka, unajumlisha tu. Fezi zetu ni tatu, zinapishana theluthi ya mzunguko, hazijawahi kuwa kinyume kamili. Ndiyo ile 1.73 ya Ampea.

#20 Kijiti Kimenasa

Sasa na mimi nisaidieni, nisipitwe na madaktari waliokusanyika. Nina inveta, imeandikwa 300 kwa herufi za dhahabu. Mchana inachoma geji 12 vizuri, na geji 10 kwa kubembeleza. Ikifika saa moja jioni kijiti kinanasa kwenye chuma kama kimegundishwa. Jina langu hapa nimelipata kwa haki.

#21 Jua Kali Thika

Hiyo 300 ni ya rangi tu. Ifungue uone ukubwa wa bodi. Ukipata 160 ushukuru Mungu.

#22 Mzee wa Nondo

Vijiti vyako vina unyevu. Vianike juani kabla ya kazi, usiku usiviache chini sakafuni.

#23 Ampea Sitini

Unyevu haujui saa moja jioni. Pima volti kwenye soketi wakati kijiti kimewaka, sio mashine ikiwa imelala. Watu wote wamerudi nyumbani, wamewasha majiko na heta, laini ya mtaani imechoka.

#24 Kijiti Kimenasa

Nimepima jana. Imelala 204, ikiwaka 171. Lakini naona nina la kukiri: natumia ekstensheni ya kuviringisha, mita 50, na naiacha imeviringishwa kwenye gurudumu lake, navuta kipande kinachonitosha tu. Juzi nilisikia harufu ya plastiki, nikagusa gurudumu, linachoma kama kikaango. Nilipoufungua, waya wa ndani ulikuwa umeshikana, rangi ya chungwa imegeuka ugali wa mtama.

#25 Bimkubwa wa Mageti

Kaka, hiyo umejitengenezea heta. Waya ukiviringishwa joto halina pa kutokea. Ekstensheni inatandazwa yote chini hata kama chuma kiko hatua mbili.

#26 Kijiti Kimenasa

Nimeitandaza. 176. Bado kinanasa.

#27 Ampea Sitini

Kwa hiyo kuna mlango wa pili unaovuja. Angalia kiungio kule sevisi laini, waya wa kutoka nguzoni, inapoingia, aluminiamu na kopa vikikutana bila klempu yake vinaota kutu nyeupe. Nguzoni usipande, toa taarifa waje wenyewe.

Nirudi kwa mtoa mada, niweke hesabu hapa mara moja, maana kila mtu anataja waya anaoujua.

Kijiti cha 3.2, yaani geji 10, kinataka kama ampea 130. Volti za moto wenyewe ni 25 hivi. Hiyo ni kilowati 3.3. Inveta nzuri itavuta ampea 24, 25 kwenye 230. Lakini dubwana la koili lina volti 70 kabla hujawasha, na hizo ampea 130 zinapita kwenye koili hiyo hiyo, kwa hiyo 70 mara 130 ni kama 9,100. Gawanya kwa 230, ni ampea 40. Gawanya kwa 400, ni 23. Hii ndiyo sababu walioliunda walipenda 380, huko waya unakuwa mwembamba.

Sasa mita 35. Waya wa kopa wa milimita za mraba 2.5 kwa ampea 40 unakula volti 25 njiani, na utapata moto. Wa 4 unakula 15. Wa 6 unakula 10. Wa 10 unakula 6. Mimi ningeweka 10 na kulala usingizi. Wa 6 unapita kwa inveta bila shida.

#28 Mbeba Boksi

Ampea hujahesabu mapumziko. Huku kitabu cha sheria za umeme, kifungu cha 630, kinaruhusu waya mwembamba kwa mashine ya kuchomelea kwa sababu haichomi mfululizo. Mashine ikiwa ya asilimia 20, maana yake dakika mbili kazi nane kupumzika, unazidisha ampea zake kwa 0.45. Kwa hiyo 40 inakuwa 18. Unaweka 10 ya nini, unajenga mgodi?

#29 Ampea Sitini

Hiyo 0.45 ni kipeuo cha pili cha 0.2, naijua. Inahusu joto la waya tu. Volti zinazopotea hazipumziki, wakati kijiti kinawaka zinapotea zote. Na soketi ukishaiweka ukutani nani atakumbuka ni ya mashine? Kesho mtoa mada kanunua jiko la umeme kalichomeka hapo, saa tatu mfululizo.

#30 Mbeba Boksi

Hilo la pili nakubali. Huku watu wanachomeka gari la umeme kwenye soketi za mashine, linachaji usiku kucha.

#31 Bimkubwa wa Mageti

Kwa anayefikiria njia tatu: niliomba kawaida, fundi mwenye leseni akachora na kupiga muhuri, wakaja kupima umbali na nguzo. Kama nguzo ya karibu ina waya mbili tu, nyutro na fezi moja, andaa subira na pesa. Ila mimi inveta ninayo pia. Dubwana kwa mageti mazito, inveta kwa kazi za nyumbani kwa watu.

#32 Mpangaji Mwema

Ukienda njia tatu si unapoteza ile bei ya shilingi mia kwa unit?

#33 Bimkubwa wa Mageti

Ile ya mia ni ya nyumbani, njia moja, usiozidi unit 75 kwa mwezi. Ukichomea vyuma, hizo 75 unazimaliza haraka, kwa hiyo ungetolewa tu. Mimi niko kundi la bei la T1, shilingi 292 kwa unit kabla ya VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA, inakuja 356. Hiyo T1 iko ya njia moja na ya njia tatu, bei ni ileile.

#34 Gereji ya Uani

Mrejesho wa Jumamosi.

Nimefungua mfuniko. Kwanza kiota cha nyigu, kikavu. Kisha ubao mweusi una misumari mitatu ya shaba, na Mzee wa Nondo heshima yako: 0, 220, 380. Maandishi yamefutika kidogo lakini yanasomeka ukiyamulika kwa tochi ya simu. Fundi akahamisha waya (nilikuwa nimeshamwambia la mpangaji tusahau, akanuna). Tukaichomeka kwenye soketi iliyopo gereji, breka ni B32, yaani aina ya B, ampea 32.

Nikawasha: tap! Breka chini. Nikapandisha: tap! Mara ya tatu hivyo hivyo. Mara ya nne ikakaa, mashine ikanguruma vizuri kama friji kubwa. Nimechoma kipande kimoja cha flati baa, nikazima. Kwa nini mara tatu ikatae na ya nne ikubali, na mimi sijagusa kitu?

#35 Mzee wa Nondo

Ndivyo inavyoamka. Imelala miaka.

#36 Ampea Sitini

Koili kubwa ukiiwasha inameza umeme kwa kishindo, mara kumi na zaidi ya kawaida, kwa sehemu chache za mia za sekunde. Breka ya B inaruka umeme ukifika mara tatu hadi tano tu ya ampea zake. Kishindo kinategemea wimbi lilikuwa wapi pale ulipobonyeza swichi, ndiyo maana mara moja inapita. C inavumilia mara tano hadi kumi, D kumi hadi ishirini. Kwa dubwana weka D, lakini waya kwanza. Hiyo soketi ina waya gani?

#37 Gereji ya Uani

Fundi anasema 2.5.

#38 Ampea Sitini

Chomoa. Sio kesho. B32 kwenye 2.5 ya mita 35 haikulindi na kitu, waya utaungua breka ikiwa imetulia.

#39 Jua Kali Thika

Naweza kuwa na maelezo tofauti: unyevu ndani ya koili. Ilikuwa inavuja kwa mwili, ikapata joto kwa zile sekunde, ikakauka kidogo. Ama breka yenyewe ni feki. Pima kati ya koili na mwili kwa kipimo cha insulesheni kabla ya kusifia wimbi.

Na kwaruza waya wa koili kidogo kwa kisu pale mwisho. Ukiona nyekundu ni kopa. Ukiona nyeupe, umepewa aluminiamu.

#40 Gereji ya Uani

Nimekwaruza. Nyeupe.

#41 Kijiti Kimenasa

Pole sana mkuu. Kumbe rafiki alikuwa anatafuta pa kutupia.

#42 Mzee wa Nondo

Aluminiamu inachoma tu, ila inachoka mapema, ipumzishe. Na angalia viungio, ndipo inapoanzia kufa.

Kitu kingine hamjakisema. Kile kibano cha kurudishia umeme kwenye kazi watu wanakiita ethi, wanakibana popote, hata kwenye nondo ya ukuta. Nilimkuta kijana kabana kwenye fremu ya geti la upande huu, anachoma upande ule. Umeme ukapita kwenye waya wa ethi wa nyumba, ule mwembamba, ukageuka mwekundu ukutani. Kibano kinabanwa kwenye chuma kile kile unachokichoma, karibu na kijiti. Ethi ya nyumba ni nyingine.

#43 Ampea Sitini

Nakazia #42. Na nyumba ya zamani angalia rangi: zamani bluu ilikuwa fezi ya tatu na nyeusi nyutro. Siku hizi bluu ni nyutro na nyeusi ni fezi. Nyumba moja inaweza kuwa na mitindo yote miwili, sebuleni na gereji. Usiamini rangi, pima.

#44 Gereji ya Uani

Macho yangu tangu saa tano usiku kama yametiwa mchanga. Nilichoma kile kipande kimoja tu, nikafumba macho badala ya kuvaa kofia.

#45 Mpangaji Mwema

Tia maziwa.

#46 Mzee wa Nondo

Kipande cha kiazi kibichi juu ya kope. Dawa ya Gerezani.

#47 Bimkubwa wa Mageti

Msitie chochote ndani ya jicho jamani. Ule mwanga unachoma uso wa jicho, unaanza kuuma saa sita, saba baadaye. Kaa gizani, kitambaa cha baridi juu ya kope, usisugue. Kwa kawaida siku moja au mbili yanatulia, yakizidi nenda hospitali. Na kufumba macho sio kofia kaka yangu.

#48 Gereji ya Uani

Leo afadhali. Nimeagiza waya wa 10 mita 40, na breka mbili, C na D, nijaribu zote. Nimeshampata fundi mwenye leseni.

Yule dada mpangaji kagonga mlango jioni. Kumbe Jumatano alimwona fundi wa kwanza anaingiza ncha kwenye mita yake, akakaa kimya akisubiri nimwambie. Nikajiumauma, mwisho nikamwambia mashine ikikaa sawa nitamuungia kitanda cha mtoto, bure. Akaniangalia, akauliza, "Kwa umeme wa nani?"

#49 Kijiti Kimenasa

Huyo dada ana daftari, nakuapia. Na kalamu nyekundu.

#50 Jua Kali Thika

Gereji ya Uani, ulipima insulesheni ama uliruka? Na kabla hujafunga mfuniko tuwekee picha ya hiyo misumari mitatu, kuna mtu hapa Thika ana mashine kama hiyo na yake ina minne.